Kaa Aliyeshushwa Duarani

Baba yangu aliwaambia watu wote wa Ushirombo kwamba binti yake anasomea udaktari Dar es Salaam. Hakukusudia kudanganya. Alisikia nasomea viumbe hai, akaona kiumbe hai wa maana ni mtu, na mtu akisomewa ni kwa sababu anaumwa, basi. Alikuwa katekista. Miaka yote alikuwa anawafundisha watoto habari za mbinguni ambako hajafika, kwa hiyo habari za chuo kikuu hazikumpa shida.

Ukweli nilikuwa nasomea kaa, wale wakubwa wa kwenye mikoko, wenye magando ya kuvunja kidole. Nilitaka kujua mwili wa kaa unafanya nini hewa ya oksijeni inapopungua. Maji ya mikoko yakitulia kwenye joto hewa yake huisha, samaki wanaelea matumbo juu, halafu kaa anatoka matopeni kama mtu aliyeamka usingizini. Mimi nilikuwa namchoma sindano kwenye kiungo cha mguu, natoa damu kidogo, napima kilichobadilika ndani yake. Hiyo ndiyo kazi niliyoagwa kwa misa na ng'ombe kwenda kuifanya.

Likizo moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, pampu ya maji ya maabara yetu iliharibika. Spea haikuwapo. Wakati ule hata sabuni haikuwapo, sembuse spea ya pampu. Nikamwendea mwalimu wangu, mzee mmoja mkavu kama dagaa wa Kigoma, nikamwuliza kaa wangu nitawafanyaje.

"Unataka kujua kaa anavumiliaje uhaba wa hewa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi mpandishe gari-moshi daraja la tatu."

Nadhani alikuwa anatania. Mimi nilinunua tenga, nikatandika magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari, nikawafunga kaa magando kwa kamba ya ukili, nikabeba na dumu la maji ya chumvi la kuwanyunyizia njiani. Kaa wa namna hiyo akiwa na unyevu kwenye matamvua, yale majani laini anayovutia hewa, anaweza kukaa nchi kavu siku kadhaa bila kulalamika. Abiria wenzangu hawakuwa na uvumilivu huo. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Tabora alivumilia harufu mpaka Morogoro, halafu akaniambia, "Mwanangu, kama umebeba maiti sema tu, sote ni waja wa Mungu." Nilipomfunulia tenga alihamia behewa lingine, akaacha hata ndizi zake.

Nilishuka Isaka, nikapanda basi la Kahama, kisha lori la pamba mpaka nyumbani. Nilifika nanuka kiasi kwamba mbwa wetu alinipokea kwa heshima ambayo hakuwahi kunionyesha kabla.

Mama alifungua tenga kabla sijamaliza kusema shikamoo. Akapiga ishara ya msalaba.

"Nge," akasema.

"Si nge, mama. Ni kaa wa baharini."

"Nge akinenepa anaitwa kaa?"

Baba alikuja akiwa na kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa mgeni nyumbani kama mimi. Kaka alikuwa ameacha shamba la tumbaku, akaenda kuchimba dhahabu upande wa Bugarama pamoja na wenzake. Huko walikuwa wameteremsha shimo, wenyewe wanaliita duara, refu la kutisha, na masika ya mwaka ule yaliwafukuza. Mvua ilipokatika alikuja nyumbani kuomba mahindi. Baba hakuwa anazungumza naye sana. Kwa baba, dhahabu ilikuwa kitu cha kwenye kalisi, kikombe cha misa, na mtu anayeitafuta chini ya ardhi alikuwa anaielekea njia isiyofaa.

"Hawa ndio wagonjwa wako?" baba akaniuliza, akiwatazama kaa.

Niliona nisipomwonyesha kitu cha maana, udaktari wangu utaisha pale pale mbele ya banda la kuku. Nikachukua sindano, nikamchoma kaa mmoja kwenye kiungo cha mguu wa nyuma, nikatoa damu, nikaimimina kwenye kichupa cha dawa. Ilitoka nyeupe kama maji ya mchele. Mama akasema kaa hana damu, ana mate. Nikamwambia asubiri. Nikakitikisa kichupa, hewa ikaingia, na polepole ile damu ikaanza kugeuka. Ikawa buluu.

"Yesu na Maria," mama akasema.

"Ni shaba," nikawaeleza. "Damu yetu inashika hewa kwa chuma, ndiyo maana ni nyekundu. Damu ya kaa inashika hewa kwa shaba. Ikishika, inakuwa buluu. Ikiiachia, inarudi kuwa nyeupe."

Baba alikishika kichupa juani, akakitazama muda mrefu. "Rangi ya joho la Bikira Maria," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu ambaye hajui kama amesifu au amekufuru.

Kaka peke yake ndiye aliyeuliza swali la kisayansi. "Na hewa ikiisha kabisa, anakufa saa ngapi?"

Swali hilo lilinifurahisha. Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza swali juu ya kazi yangu, nikamjibu kama mtu aliyefunguliwa kizuizini. Nikamwambia mtu akikimbia sana misuli inakosa hewa, inatengeneza asidi, ndiyo yale maumivu ya mapaja. Kaa naye anatengeneza asidi hiyohiyo. Lakini kwa mtu asidi ile inailegeza damu, inaachia hewa upesi. Kwa kaa inafanya kinyume: inaiambia damu ikaze mkono, ing'ang'anie kila punje ya hewa inayopita kwenye matamvua. Moyo wake unapunguza mwendo. Mwili mzima unaanza kula kidogo. Nikaongea mpaka kuku wakaanza kuingia bandani. Kaka alikuwa anaitikia kwa kichwa, macho yamemkaa kwenye tenga.

"Kwa hiyo mambo ya hewa, huyu anayajua," akasema.

"Kuliko wewe na mimi," nikamjibu.

Alilibeba neno hilo peke yake, mengine yote akayaacha pale uani.

Asubuhi nilipokwenda kuwanyunyizia kaa maji, yule mkubwa kuliko wote hakuwamo. Kamba ya kufungia tenga ilikuwa imekatwa kwa kisu. Nikamwuliza mama.

"Kaka yako kaondoka naye alfajiri na lori la pamba," akasema, akipepeta mchele bila wasiwasi. "Kasema wanafungua shimo lao leo, dudu lako linakwenda kuwapimia hewa."

Nilikaa chini. Mama akadhani nina njaa.

Wachimbaji wa kwetu walikuwa na njia zao za kupima shimo lililokaa bila watu. Mbao zinazooza na maji yaliyotuama hula hewa, inabaki hewa nzito inayolala chini kama maziwa kwenye kibuyu. Njia yao moja ilikuwa kuteremsha koroboi kwa kamba: taa ikizimika, hamna kuingia. Lakini mafuta ya taa hayakuwapo. Duka la kijiji lilikuwa na majembe na picha ya Rais, mafuta yalikuwa hadithi. Njia ya pili ilikuwa kuteremsha kuku. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kuku walikuwa naye kweli, aliyetengwa maalumu kwa kazi hiyo, lakini Jumapili walikuwa na njaa.

Sasa kaka yangu alikuwa anawapelekea kipimo kipya: mnyama pekee niliyemjua mimi ambaye angeteremshwa kwenye hewa ya kuua watu, akapanda akiwa mzima, amekasirika, na yuko tayari kuendelea na safari.

Nilikimbia mpaka misheni. Padre kijana wa Kisukuma alikuwa anapakia sanduku la misa kwenye gari dogo la parokia, anakwenda kigango cha upande huohuo. Nilimwamkia "Tumsifu Yesu Kristo" huku nikiwa nimeshapanda.

"Milele amina. Kuna nini, dada? Nani mgonjwa?"

"Bado hajaumwa, Padre. Endesha tu."

Nilimweleza njiani. Alikuwa anaendesha gari kama mtu aliyekwisha kuungama. Breki ya mkono haikuwapo, honi haikuwapo, na kila tulipokaribia ng'ombe alitoa kichwa dirishani akapiga mluzi, na ng'ombe, ambao ni Wasukuma wenzake, wakampisha. Njia nzima aliuliza swali moja tu.

"Huyo kaa, akiteremshwa kwenye hewa mbaya kabisa, hafi?"

"Atakufa baadaye sana. Wao wataangalia muda wa kuvuta sigara moja."

Akakanyaga mafuta.

Duara lao lilikuwa nyuma ya kichuguu, juu yake wamesimika gogo la kuzungusha kamba kwa mikono ya miti. Tulisikia vigelegele kabla hatujaona watu. Kaa wangu alikuwa ameshapandishwa. Alikuwa kwenye ndoo, anatoa povu, kamba ya magando imefunguka, amelikamata sikio la ndoo na hataki kuliachia. Wachimbaji walikuwa wamemzunguka wanacheka. Kaka hakuwapo.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Kiongozi wao, mtu wa makamo aliyevaa kofia ya sufu katika jua lile, akanionyesha kamba iliyoingia shimoni. "Karibu, mayu, karibu mama. Ndiye wewe dada yake mwenye kipimo? Kipimo kizuri sana. Kimerudi na nguvu zake zote."

"Mtoeni!"

"Si ndiyo kwanza kashuka?"

"Mtoeni! Huyo kaa hafi haraka!"

"Ndiyo maana tumemwamini," akasema kwa upole, kama anaeleza mtoto. "Hajafa."

Nilimshika mtu shati kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamwambia kaa hafi pale mtu anapokufa, kwamba wangemteremsha hata kaburini angerudi hivyohivyo. Nilikuwa napiga kelele, Kiswahili kimenikimbia, nachanganya Kisumbwa na maneno ya maabara. Sidhani alielewa kitu. Kilichomgusa ni Padre, ambaye alipita katikati yetu, akainama kwenye mdomo wa shimo, akamwita kaka kwa jina lake la ubatizo.

Chini kaka akajibu. Alijibu kwa kicheko. Kicheko kirefu, cha mtu aliyekunywa, na kaka yangu hakuwa amekunywa.

Kisha kikakatika.

Kiongozi akavuta kamba ya ishara. Haikuvutwa kutoka chini. Akavuta tena. Sura yake ilibadilika, akapiga ukelele na watu wakarukia gogo. Kijana mmoja mwenye kifua kipana alikuwa ameshaanza kuvua shati ateremke kumfuata. Nilimkumbatia kiunoni, na Padre akamkalia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Padre alimkalia mtu kwenye tope, kanzu na yote, akisema, "Wewe ukishuka tutawavuta wawili. Tulia."

Bahati yetu kaka alikuwa mwoga wa kuteleza, alijifunga kamba kwapani badala ya kuishika kwa mikono kama wenzake. Gogo lililia. Alipanda akiwa amening'inia kama nguo iliyoanikwa, anagonga ukuta huku na huku. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Walipomlaza chini nilimwekea sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, mbio za bure, kama injini iliyokatika mkanda. Nilimpulizia pumzi mdomoni jinsi tulivyofundishwa shuleni kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, ambayo mimi niliyasinzia nusu. Wengine walimpepea kwa makoti. Padre alianza kutafuta mafuta ya wagonjwa katika sanduku lake, na nilimchukia kwa dakika hiyo moja kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Kaka akakohoa. Akageuka ubavu, akatapika mahindi ya baba yote.

"Nani kanipiga?" akauliza.

Nililia hapo. Nililia kwa hasira, nikampiga kofi la bega, kisha nikamkumbatia akiwa na matapishi yake. Wachimbaji walitazama pembeni kwa adabu.

Kiongozi wao bado hakuwa ameshawishika. Alisema labda ni uchovu, labda mtu wetu hakula vizuri, kwa sababu kaa amekwenda na kurudi salama, na macho yetu yote yameona. Padre hakubishana naye. Alikwenda kwenye sanduku la misa, akatoa mshumaa wa altare, akausimamisha ndani ya kopo, akauwasha na kuuteremsha mwenyewe kwa kamba. Sote tuliinama kuutazama. Ulishuka ukiwaka vizuri, ukapita matimba ya juu, zile mbao za kuzuia kuta, ukapita ya kati. Halafu mwanga ukawa mwekundu, ukawa mdogo, ukazimika. Hapo palikuwa bado mbali na chini.

Yule kijana mwenye kifua kipana alivaa shati lake.

"Basi huyu mdudu ni mchawi," kiongozi akasema, akimtazama kaa kwenye ndoo.

"Si mchawi," nikasema. Nilikuwa nimekaa chini, kichwa cha kaka kiko mapajani mwangu. "Hewa ikipungua, na yeye anapunguza matumizi. Moyo unapiga mara chache. Damu inakaza mkono. Anakaa anasubiri. Sisi ubongo wetu haukubali kupunguziwa, ukikosa hewa kidogo tu unazima taa na kufunga duka."

Akafikiri. "Kumbe ameizoea dhiki," akasema. "Anaishi kama sisi na sukari."

Katika miaka yote niliyofundisha sijapata mwanafunzi aliyenielewa haraka hivyo.

Halafu nikakumbuka kitu kilichonifanya nisimame. Kaa wangu alikuwa ametoka kwenye hewa mbaya kweli, mbaya kuliko yoyote niliyoweza kuitengeneza kwenye mtungi wa maabara, na ilikuwa haijapita nusu saa. Sindano na vichupa vilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilivichukua kwa mazoea, kama wengine wanavyochukua rozari. Nikakilaza kichwa cha kaka juu ya koti la mtu, nikaenda kwenye ndoo, nikamshika kaa kwa nyuma na kumchoma.

Nilisikia minong'ono. "Ndugu yake hajasimama, yeye anachoma dudu sindano." Mwingine akasema ndiyo elimu hiyo.

Damu ilitoka nyeupe kabisa, haina hata chembe ya buluu. Hata baada ya kutikisa ilichukua muda kugeuka, au labda mimi ndiye sikutikisa sawasawa. Nilikifunga kichupa kwa nta ya mshumaa wa Padre.

Tulimrudisha kaka nyumbani jioni ileile, anatapika kwenye kila tuta. Baba alimsikiliza Padre mpaka mwisho, amesimama, mikono nyuma. Nilitegemea hotuba juu ya tamaa ya mali. Alikwenda chumbani, akatoka na blanketi lake mwenyewe, akamfunika kaka, akaketi pembeni ya kitanda. Mama alinieleza baadaye kwamba baba alikaa hivyo muda mrefu akimhesabia pumzi, na kila kaka alipofungua macho, baba alijifanya anatafuta miwani.

Kaa waliobaki walianza kufa siku zilizofuata. Dumu la maji ya bahari lilikwisha na chumvi ya duka haikuwapo. Mama, ambaye alikuwa hawezi kuona kitu kinaharibika, aliwachemsha kwa karanga. Baba aliuliza hiyo ni nyama gani. Mama akamwambia ale, ni wagonjwa wa binti yako. Akala. Akaomba na mchuzi.

Nilirudi Dar es Salaam na kichupa changu kimefungwa ndani ya soksi. Mwalimu wangu alipima asidi iliyomo, akapima mara ya pili, akavua miwani. Ilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia.

"Hewa ya humo shimoni ilikuwa na oksijeni kiasi gani?" akaniuliza.

"Haikupimwa, mwalimu."

"Hakuna kipimo chochote?"

"Kipo. Mshumaa ulizimika na kaka yangu akazimia."

Alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Binti, huwezi kumwandika kaka yako kwenye jedwali." Akaimwaga ile damu kwenye sinki.

Kaka alirudi kuchimba baada ya mavuno. Safari hii walitoboa shimo la pili pembeni na kuliunganisha na lile la kwanza, hewa ipite, na mafuta ya koroboi waliyapata kwa njia ambayo Padre aliombwa asiiulize. Alichimba miaka kadhaa, hakutajirika, hakufa, halafu akanunua mashine ya kusaga huko Kahama. Bado anaumwa kichwa mawingu yakitanda, na bado anasema ni kwa sababu yangu.

Majuzi nilimtembelea. Nikamweleza kwamba siku hizi wataalamu wamekwenda mbali zaidi ya damu ya buluu. Wamegundua ndani ya chembe hai mna protini ambayo kazi yake ni kunusa hewa: oksijeni ikiwapo inavunjwavunjwa, oksijeni ikipungua inabaki, inaingia mpaka kwenye vinasaba na kuamuru mwili ubadilishe utaratibu. Kaa anayo.

Alizima mashine ili anisikie vizuri. "Na watu?"

"Watu pia. Wewe na kaa mnayo inayofanana sana."

"Sasa mbona mimi nilizimia, yeye akatoka anapigana?"

"Hiyo inafanya kazi polepole, masaa kwa masaa. Kwa dakika zile yeye alikuwa na mbinu nyingine. Na ubongo wake unakula kidogo sana."

Akanitazama, unga umemjaa nyusi. "Unanitukana."

"Nakusifu. Wako unakula sana."

"Haya," akasema, akawasha mashine, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri na debe lake la mtama akasogea mbele.